Nikola Tesla: Mwana wa mpakani aliyeuza umeme, akafa na madeni

Kijiji cha Smiljan leo kiko Kroatia. Nikola Tesla alipozaliwa hapo tarehe 10 Julai 1856, hakukuwa na nchi huru yenye jina hilo. Eneo lote la Lika lilikuwa sehemu ya ukanda wa kijeshi ambao Dola ya Austria iliutenga ili kujikinga na himaya ya Waturuki wa Uthmaniya upande wa pili. Kwa maneno mengine, alizaliwa mpakani. Majirani walikuwa mchanganyiko wa Wakroati wa Kanisa Katoliki na Waserbia wa Kanisa la Othodoksi. Baba yake, Milutin, alikuwa padri wa Othodoksi. Mama yake, Georgina, hakupata shule, lakini alijitengenezea mwenyewe vyombo vya nyumbani na alikuwa na mashairi marefu ya watu wake kichwani. Tesla alishikilia hadi uzeeni kwamba kipaji cha ufundi alikirithi kwa mama.

Jina lake wengi wetu tunalisikia siku hizi kwa sababu ya magari ya umeme. Kampuni hiyo ilianzishwa miaka 60 baada ya kifo chake na hakuwa na uhusiano wowote nayo. Mwenye jina hakuacha hata nyumba.

Baba alitaka mtoto awe padri kama yeye. Mwaka 1873, baada ya kumaliza masomo ya sekondari mjini Karlovac, Nikola alipata kipindupindu akalala kitandani kwa miezi, karibu na kufa. Hapo baba aliahidi kwamba akipona atampeleka chuo cha uhandisi. Akapona, na mwaka 1875 akaingia chuo cha ufundi cha Graz, Austria.

Graz ndiko lilikoanza jambo lililomfanya ajulikane. Darasani waliletewa dinamo ya kuzalisha umeme, na kila ilipozunguka ilikuwa inatoa cheche pale brashi zinapogusa sehemu inayozunguka. Tesla aliuliza kama haiwezekani kuziondoa brashi hizo kabisa. Profesa alilichambua wazo lile mbele ya wenzake na kuonyesha kwamba haliwezekani. Kijana akanyamaza, lakini wazo halikumtoka. Chuo chenyewe hakukimaliza. Aliingia kwenye kamari, akapoteza fedha za matumizi, akaacha masomo bila kuwaambia wazazi. Baba yake alifariki mwaka 1879 mambo yakiwa hivyo.

Alikwenda Prague, kisha Budapest ambako alipata kazi katika kampuni ya simu. Huko Budapest, mwaka 1882, alipokuwa akitembea bustanini na rafiki yake, jibu la swali la Graz lilimjia. Umeme wa wakati ule mara nyingi ulikuwa ukienda upande mmoja tu, kama ule wa betri. Tesla alifikiria umeme unaogeuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, yaani mkondo geu, tena si mmoja bali miwili inayopishana. Mtazame mwendesha baiskeli: mguu mmoja ukimaliza kusukuma, wa pili unapokea, na gurudumu linazunguka bila kusita. Mikondo miwili inayopokezana hivyo ndani ya nyaya zilizopangwa kwa duara huzalisha nguvu ya sumaku inayozunguka, na nguvu hiyo huburuta mhimili wa mota nyuma yake. Hakuna brashi wala cheche, na wala hakuna cha kuchakaa isipokuwa beringi. Mota nyingi za mashine za kusaga unga unazoziona masokoni zinafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

Mikataba mitatu

Kutoka Budapest alikwenda Paris kufanya kazi katika kampuni ya Edison, na mwaka 1884 akavuka bahari hadi New York. Aliajiriwa kwenye karakana za Edison mwenyewe. Hakudumu, baada ya takriban miezi sita aliondoka. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliahidiwa dola 50,000 akiweza kurekebisha mashine, akazirekebisha, na alipodai akaambiwa ulikuwa utani. Ahadi hiyo haikuwa kwenye karatasi.

Mkataba uliofuata ulikuwa kwenye karatasi, na ulimuumiza zaidi. Wawekezaji wawili walimfungulia kampuni ya taa za barabarani huko Rahway, New Jersey. Alibuni taa hizo, mji ukawaka. Lakini haki za ubunifu wake alikuwa ameziandika kwa jina la kampuni, naye akapewa hisa. Wawekezaji walipoamua kwamba wanataka kuuza umeme tu na hawahitaji mbunifu, walimwacha nje. Hisa hazikuwa na thamani, na taa alizobuni kwa mkono wake hazikuwa zake tena. Majira ya baridi ya 1886 kuingia 1887 aliyapitisha akichimba mitaro kwa dola mbili kwa siku.

Safari ya tatu alipata washirika waungwana, Alfred Brown na Charles Peck, waliokubaliana naye mapema namna ya kugawana faida. Walimpa karakana New York na wakalipia usajili wa hataza, yaani hati za serikali zinazompa mbunifu haki ya peke yake kwa muda. Mei 1888 hataza za mota yake zilitoka, na mwezi huo huo akaieleza mbele ya wahandisi wa umeme wa Marekani. Miezi miwili baadaye George Westinghouse, mfanyabiashara wa Pittsburgh, alilipa dola 60,000 kwa fedha taslimu na hisa, pamoja na mrabaha wa dola 2.50 kwa kila nguvu farasi moja ya mota zitakazouzwa.

Hapa panahitaji kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo utajiri ulipomponyoka. Umeme wa Edison wa mwelekeo mmoja haukuweza kwenda mbali. Ulihitaji kituo cha kuzalisha karibu na kila mtaa. Mkondo geu unaweza kupandishwa volti kwa transfoma, ukasafirishwa mamia ya kilomita kwa hasara ndogo, kisha ukashushwa unapofika kwa mteja. Westinghouse aliwasha Maonyesho ya Dunia ya Chicago mwaka 1893 kwa mkondo huo. Novemba 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika mji wa Buffalo. Hata sisi huku, bwawa la Owen Falls la Jinja lilipofunguliwa mwaka 1954 na baadaye umeme wake ukavuka mpaka kuingia Kenya, ulivuka kwa mkondo geu. Megawati 80 za Rusumo ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana zinatoka kwenye majenereta ya ukoo huo huo.

Fikiria basi dola 2.50 kwa kila nguvu farasi. Lakini soko la fedha lilitikisika mwaka 1890, wenye mikopo wakambana Westinghouse, na mrabaha ule ukaonekana ni mzigo unaoweza kuzamisha kampuni. Tesla alikubali kuuachia. Husimuliwa kwamba aliuchana mkataba mbele ya Westinghouse kwa moyo wa shukrani. Picha hiyo ni ya waandishi zaidi kuliko kumbukumbu. Kinachojulikana ni kwamba mwaka 1897 kampuni ilizinunua hataza hizo moja kwa moja kwa dola 216,000. Zilikuwa fedha nyingi kwa wakati ule. Mrabaha wa mota zilizosambaa baada ya hapo ungekuwa mali ya aina nyingine kabisa. Kwa maoni yangu, wanaomsifu kwa ukarimu na wanaomcheka kwa ujinga wote wanasahau kitu: Westinghouse angefilisika, mrabaha ungelipwa na nani?

Koili

Mwaka 1891, mwaka ule ule aliopata uraia wa Marekani, Tesla alisajili kifaa ambacho mafundi wa dunia nzima bado wanakijenga na kukiita kwa jina lake. Kinaanza na transfoma inayopandisha umeme hadi maelfu ya volti. Umeme huo unajaza kapasita, kama maji yanavyojaza tanki. Tanki likifurika, cheche inaruka kwenye pengo dogo kati ya vipande viwili vya chuma, na umeme wote unamwagika kwa ghafla kwenye koili fupi ya waya mnene, mizunguko michache tu. Ndani ya koili hiyo inasimama nyingine ndefu ya waya mwembamba, mamia ya mizunguko.

Siri iko kwenye kulinganisha hizo mbili. Ukimsukuma mtoto kwenye bembea kwa kupatia wakati wake, msukumo mdogo unampandisha juu sana. Ukikosea wakati, unamsimamisha. Koili ya kwanza ikisukuma kwa mapigo yale yale ambayo ya pili huyapenda, volti inapanda mpaka kileleni umeme unatoka hewani kama matawi ya radi. Tesla alikuwa akishika taa za kioo zisizo na waya na zikawaka mikononi mwake mbele ya wageni. Mwaka 1892 London na Paris zilimpokea kama mfalme kwa maonyesho hayo. Katika safari hiyo hiyo aliitwa nyumbani, akamkuta mama yake kitandani, na mama akafariki Aprili.

Machi 1895 karakana yake ya New York iliteketea kwa moto pamoja na vifaa na daftari. Haikuwa na bima. Alianza upya, na mwaka 1898 alionyesha mashua ndogo inayoongozwa kwa mawimbi ya redio. Kisha mwaka 1899 akahamia Colorado Springs na kujenga koili yenye upana wa takriban mita 15. Picha mashuhuri inayomwonyesha ameketi akisoma huku radi zikimzunguka ni ya hila: filamu ilipigwa mara mbili, mara moja kwa cheche na mara nyingine kwa yeye mwenyewe. Aliondoka Januari 1900 akiacha bili. Karakana ile baadaye ilibomolewa na vifaa vikauzwa kulipa deni.

Alirudi New York na wazo la kutuma habari, na hata umeme wenyewe, duniani kote bila waya. Tajiri wa benki J. P. Morgan alimpa dola 150,000 mwaka 1901, akachukua asilimia 51 ya haki za hataza. Mnara ulianza kupanda huko Shoreham, Long Island, ukafika mita 57. Desemba mwaka ule ule Mwitaliano Guglielmo Marconi alitangaza kwamba amepokea ishara ya redio ng'ambo ya Atlantiki kwa mitambo midogo zaidi. Tesla aliomba fedha za nyongeza. Morgan alikataa, na akaendelea kukataa kila barua ilipokuja. Mnara haukufanya kazi hata siku moja ya biashara. Mwaka 1915 kiwanja kilihamishiwa kwa wenye hoteli ya Waldorf-Astoria kufidia deni la malazi la takriban dola 20,000, na mwaka 1917 mnara ukabomolewa ili vyuma vyake viuzwe.

Koili ya valvu

Wakati mnara unauzwa kama skrepa, ufundi wa redio ulikuwa umeshahamia pengine. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza mwaka 1904, na Mmarekani Lee de Forest akaongeza kipande cha tatu mwaka 1906. Wenye umri watazikumbuka valvu: zile chupa za kioo zilizokuwa zikiwaka wekundu ndani ya redio za babu, zikichukua muda kupata moto kabla sauti haijatoka. Ndani yake uzi uliopashwa moto hurusha elektroni kuelekea bamba la chuma, na katikati kuna kichujio cha waya. Umeme kidogo ukipelekwa kwenye kichujio hufungua au kufunga mto mkubwa wa umeme, kama mkono mmoja unavyofungua lango la bwawa.

Mafundi walitambua kwamba valvu inaweza kuchukua nafasi ya pengo la cheche kwenye koili ya Tesla. Mitambo ya matangazo na ya majeshi ilipozeeka, valvu zake kubwa zilianza kupatikana kwenye vifaa vilivyotupwa, na hadi leo watu wa kujifunza umeme katika nchi nyingi huzitafuta. Valvu aina ya 811A na 833A ndizo zinazotajwa sana. Ile 833A ilikuwa ya mitambo ya redio. Uzi wake peke yake unakula ampea 10 kwa volti 10. Volti kubwa hutoka kwenye transfoma ya oveni ya maikrowevu iliyokufa, kapasita hutoka kwenye mtambo wa zamani, na mwili wa koili ni bomba la plastiki la maji.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba hauhitaji kulenga wakati kwa kubahatisha. Koili ndogo ya tatu huwekwa karibu na ya kwanza, ikichota sehemu kidogo ya mapigo na kuyarudisha kwenye kichujio cha valvu. Valvu inajisukuma yenyewe, mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, ikifuata mdundo wa koili. Koili hiyo ya tatu ikifungwa kinyume, hakuna kitakachotetemeka. Bamba la valvu litaanza kuwaka wekundu, na fundi ana sekunde chache za kuzima kabla hajapoteza valvu aliyoitafuta mwaka mzima. Ikifungwa sawasawa, cheche hutoka tulivu kuliko zile za Tesla, zimenyooka kama upanga, na mlio wake ni wa kunguruma badala ya kupasuka.

Naligusia hili kwa sababu wengi wa wasomaji wetu hununua na kuuza redio mbovu, oveni na vyuma chakavu kati ya nchi na nchi. Transfoma ya maikrowevu hutoa takriban volti 2,000 na inaua kwa mguso mmoja. Kapasita yake huweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Baadhi ya valvu kubwa zenye sehemu nyeupe za kauri zina madini ya berilia, na vumbi lake likivunjwa ni sumu kwa mapafu. Valvu nzima, isiyopasuka, ina mnunuzi wake. Ukiivunja upate vipande vya chuma, umeitupa bei yake.

Hotelini

Tesla mwenyewe aliishi miaka zaidi ya 40 hotelini, akihama kila deni lilipozidi. Mwaka 1917 wahandisi walimpa nishani yenye jina la Edison. Mwaka 1915 alikuwa amemshitaki Marconi kwa kutumia ubunifu wake, lakini hakuwa na fedha za kuiendesha kesi. Alizoea kulisha njiwa, akawabeba wagonjwa hadi chumbani. Kuanzia mwaka 1934 kampuni ya Westinghouse ilimlipia kodi ya chumba katika hoteli ya New Yorker na kumpa dola 125 kwa mwezi. Hoteli nyingine aliiachia kasha kama rehani, akidai ndani mna silaha ya siri ya thamani kubwa. Baada ya kifo chake watu wa serikali walilifungua kwa hofu na kukuta kifaa cha kawaida cha kupimia ukinzani wa umeme.

Alifariki tarehe 7 Januari 1943 katika chumba namba 3327, peke yake, akiwa na miaka 86. Juni mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani ilitengua madai muhimu ya hataza ya Marconi, ikitaja kazi zilizotangulia za watu watatu, Tesla akiwa mmoja wao. Wengi husema mahakama ilimtangaza kuwa mvumbuzi wa redio. Haikufanya hivyo. Kesi ilikuwa ya kampuni ya Marconi kuidai serikali ya Marekani fidia, na serikali ilishinda sehemu kubwa.

Mali yake, makaratasi na vifaa, ilisafirishwa hadi Belgrade, na majivu yake yakafuata mwaka 1957. Wakati huo Smiljan na Belgrade zilikuwa nchi moja, Yugoslavia, na swali la Tesla ni wa nani halikuwa na uzito. Nchi hiyo ilipovunjika miaka ya 1990, lilipata uzito. Serbia ina sura yake kwenye noti ya dinari 100 na jina lake kwenye uwanja wa ndege wa Belgrade. Kroatia ilipojiandaa kutumia euro, ilichagua kuweka sura yake kwenye sarafu zake, na benki kuu ya Serbia ikalalamika. Malalamiko hayakubadili kitu. Tangu 1 Januari 2023 sarafu za Kroatia za senti 10, 20 na 50 zina Tesla, kwa hiyo mchuuzi anayevuka mto Danube kutoka upande mmoja kwenda mwingine anabadilisha fedha na kubaki na sura ile ile mfukoni.